Kupigana si Kuvunja Uhusiano: China na Vietnam Tangu 1950

Katika mtihani wa kujiunga na kozi yetu ya diplomasia mwaka huu tuliweka swali tulilodhani ni la kugawa alama za bure: eleza uhusiano wa China na Vietnam tangu mwaka 1950. Waombaji wengi waliandika kwamba nchi hizo zilivunja uhusiano mwaka 1979 na kuuanzisha upya mwaka 1991. Walipokosa alama, malalamiko yakaanza kumiminika kwa barua na kwa simu, mengine yakituletea video za mtandaoni kama ushahidi. Nimeombwa nitoe ufafanuzi kwa faida ya umma. Ieleweke kwamba haya ni maelezo ya kitaaluma, wala chuo hakimpi haki mdai yeyote katika migogoro ya mipaka nitakayoitaja.

Tarehe 18 Januari 1950 China, ambayo yenyewe ilikuwa haijatimiza hata miezi minne tangu Mao Zedong atangaze jamhuri, iliitambua serikali ya Ho Chi Minh, kiongozi wa wakomunisti wa Vietnam, iliyokuwa bado inapigana na Wafaransa kutoka milimani. Muungano wa Kisovyeti ulifuata tarehe 30 mwezi huohuo. Hapa naomba tuende polepole. Kutambua ni kauli ya upande mmoja. Kuanzisha uhusiano kunahitaji ridhaa ya pande mbili, na kufungua ubalozi nako kunahitaji ridhaa yake. Hivyo ndivyo isemavyo ibara ya 2 ya Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, ambao kwa sehemu kubwa uliandika desturi zilizokuwapo. Balozi naye hatumwi kama mgeni wa harusi. Jina lake hupelekwa kimyakimya, nchi mwenyeji hutoa idhini au hukataa bila kulazimika kutaja sababu (ibara ya 4), kisha ndipo anakabidhi hati za utambulisho. Balozi wa kwanza wa Vietnam mjini Beijing alikuwa Hoang Van Hoan. Tutakutana naye tena.

Miaka ya neema inajulikana, sitaikalia. Walisema wako karibu kama midomo na meno. Katika vita dhidi ya Marekani China ilipeleka mchele, silaha, mafundi wa barabara na wapiga mizinga ya kutungulia ndege. Kwa ujumla zaidi ya askari wake 300,000 walipita kaskazini mwa Vietnam kwa zamu.

Kinachosahaulika ni kwamba manung'uniko yalikuwapo hata wakati huo. Chukua reli. Mpakani, upande wa China, kuna lango la kale ambalo mwaka 1965 Wachina walilipa jina la Lango la Urafiki. Reli ya kwenda Hanoi inapita jirani. Ilipokarabatiwa miaka ya 50, Vietnam inadai, sehemu ya kuungana kwa njia mbili iliwekwa zaidi ya mita 300 ndani ya ardhi yake, na baadaye China ikapafanya hapo kuwa ndio mpaka. Ni mita 300 tu, lakini Wavietnam waliziweka kwenye waraka wao rasmi wa mashtaka mwaka 1979. Anayedhani ukomunisti ulifuta mipaka baina ya wakomunisti aanzie hapo.

Mengine yalijilimbikiza. Rais Nixon wa Marekani alikaribishwa Beijing mwaka 1972 huku mabomu ya Marekani yakiendelea kuanguka Vietnam. Mwaka 1978 Wavietnam wenye asili ya China walikimbia kwa maelfu, China ikakata misaada, na Novemba Hanoi ikatia saini mkataba wa urafiki na Moscow. Desemba majeshi ya Vietnam yaliingia Kambodia kumng'oa Pol Pot, mtawala wa nchi hiyo na mshirika wa China. Tarehe 17 Februari 1979 majeshi ya China yakavuka mpaka, yakateka Lao Cai, Cao Bang na Lang Son, na kufikia katikati ya Machi yakawa yameondoka.

Sasa turudi kwenye swali la mtihani. Balozi wa Vietnam mjini Beijing, Nguyen Trong Vinh, aliteuliwa mwaka 1974. Vita vilimkuta hapo, vikaisha akiwa hapo, na akaendelea na kazi hadi miaka ya 80. Nchi ikitaka kumfukuza mwanadiplomasia humtangaza kuwa hatakiwi (ibara ya 9). Ikitaka kuvunja uhusiano hutamka hivyo rasmi, na hata hapo ibara ya 45 inaitaka iheshimu majengo na nyaraka za ubalozi, vita viwepo visiwepo. China na Vietnam hazikutamka hivyo. Aprili 1979 ujumbe wa China ulikuwa Hanoi mezani, ukiongozwa na Han Nianlong, naibu waziri wa mambo ya nje. Mtu hajadiliani na mlango alioubomoa!

Aliyeihama Vietnam ni Hoang Van Hoan, yule balozi wa kwanza. Julai mwaka huo, akisafiri kwenda kutibiwa Ujerumani Mashariki, alishuka Karachi na kuishia Beijing.

Mapigano ya mpakani yaliendelea, na Machi 1988 wanamaji 64 wa Vietnam waliuawa na Wachina katika mwamba wa Johnson Kusini, kwenye visiwa vya Spratly. Septemba 1990 viongozi wa vyama vya kikomunisti vya nchi hizo walikutana kwa siri Chengdu, China, na Novemba 1991 Do Muoi, katibu mkuu wa chama cha Vietnam, na Vo Van Kiet, waziri mkuu, walikwenda Beijing kutangaza uhusiano kurejea katika hali ya kawaida. Kurejea katika hali ya kawaida, ndugu waombaji. Hilo si neno la kuanzisha.

Kazi ngumu ilikuja baadaye. Treni za kuvuka mpaka zilirudi mwaka 1996. Mkataba wa mpaka wa nchi kavu ulitiwa saini Desemba 1999, wa mpaka wa bahari katika Ghuba ya Tonkin Desemba 2000, na hadi mwisho wa 2008 vigingi vya mpaka wa nchi kavu karibu 2,000 vilikuwa vimesimikwa. Maporomoko ya Ban Gioc, ambayo Wachina huyaita Detian, yamegawanywa: watalii wa nchi mbili hupita kwa vyelezo maji yaleyale. Visiwa vya bahari ya kusini bado vinagombaniwa.

Rufaa za matokeo zipokelewe kwa maandishi, nakala mbili, zikiwa na namba ya mtahiniwa. Kiungo cha video si kiambatisho.