Toki konveta ya mbio: namba ya kwenye boksi si ya konveta peke yake

Wenye Toyota Mark II na Chaser za injini za JZ, wakitaka gari la otomatiki liondoke kwa nguvu, hununua toki konveta, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili, na humwuliza muuzaji jambo moja: "Ni ya stoli ngapi?" Stoli ni mizunguko kwa dakika ambayo injini inafikia ukikanyaga mafuta hadi mwisho huku magurudumu yamezuiwa. Namba hiyo ina maana yake, lakini imezungukwa na dhana potofu ambazo zimewagharimu watu giaboksi nzima.

"Konveta ya 3,000 itatoa 3,000 kwenye gari lolote"

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ndani ya konveta kuna pampu inayozungushwa na injini, tabaini inayozungusha giaboksi, na steta katikati yao, inayoielekeza oili. Pampu inaisukuma tabaini kwa oili tu. Toki (nguvu ya kuzungusha) ambayo oili hiyo inaweza kuibeba hupanda kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo injini yenye toki kubwa itaipandisha konveta ile ile juu zaidi kabla oili haijaizuia.

Chukua 1JZ-GE isiyo na turbo, yenye toki ya karibu Nm 250, na 1JZ-GTE ya Chaser JZX100, yenye Nm 378. Konveta inayoishia 2,500 kwenye ile ya kwanza inaweza kupita 3,000 kwenye ya pili, na hakuna hata nati moja iliyobadilishwa. Hata mji unahesabika. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 15 hadi 20 ya toki. Ukipima 2,500 Mombasa, gari hilo hilo Nairobi litakupa karibu 2,300, na fundi hajakosea kitu.

Ndiyo maana mtengenezaji makini huanza yeye kuuliza: injini gani, turbo inaanza kusukuma kwenye mizunguko mingapi, gari lina uzito gani, uwiano wa difu ni upi, na gari ni la kwenda kazini au la mashindano tu. Anayekuuliza bajeti peke yake, achana naye.

"Stoli ikiwa juu zaidi, gari ni kali zaidi"

Stoli inatakiwa iikute injini pale inapoanza kuvuta. 1JZ-GTE ya kiwandani hufikia kilele cha toki kwenye 2,400. Ukiifungia stoli ya 4,000, utakuwa unairuka sehemu yake tamu na kuunguza oili bure kwenye foleni. Ukiwa umefunga turbo kubwa inayoamka karibu na 4,000, mambo yanageuka: konveta ya kiwandani itaishia chini huku turbo ikiwa bado imelala, na gari litaondoka kwa uzito hata kama lina farasi 500.

"Ukifunga stoli ya 3,000, gari halitembei mpaka ufike 3,000"

Si kweli. Ukikanyaga mafuta taratibu, gari linaondoka kwenye mizunguko ya chini, ila utaona injini ikizunguka juu kidogo kuliko ulivyozoea.

"Konveta inaongeza farasi"

Haiongezi. Gari likiwa limesimama, konveta huzidisha toki kwa kama mara mbili, na hilo ndilo linalokusukuma kwenye kiti. Kadiri tabaini inavyoikaribia pampu kwa kasi, zidisho hilo linashuka hadi kuisha. Pampu na tabaini zikipishana kasi, konveta inateleza, na nguvu inayopotea katika kuteleza huko inageuka joto, na joto ndilo linaloua giaboksi za otomatiki. Kwa hiyo kipoza oili cha ziada kinunuliwe pamoja na konveta, si baadaye oili ikishakuwa nyeusi na kunuka kuungua. Kwa anayesafiri safari ndefu, nasisitiza asikubali konveta isiyo na klachi ya kufunga, kwa sababu klachi hiyo ndiyo inayomaliza kuteleza ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu.

"Konveta iliyotoka kwenye giaboksi iliyoungua isafishwe kwa petroli, itumike"

Imechomelewa pande zote. Chembe za chuma na za klachi hubaki ndani, na zitaingia kwenye giaboksi mpya. Ikatwe na ifanyiwe kazi na mtaalamu, au ununue nyingine.

"Kufunga ni kubana bolti tu"

Konveta mpya hutiwa oili kwanza, kama lita moja, kisha husukumwa kwenye shafti huku ikizungushwa kwa mkono. Inatakiwa kuingia kwa hatua: ishike meno ya steta, ya shafti ya tabaini, na mwisho ya pampu ya oili ya giaboksi. Kila hatua utaisikia ikishuka. Isipoingia hatua ya mwisho, fundi mwenye haraka huivuta giaboksi kwa bolti mpaka ikutane na injini, na pampu inapasuka kabla gari halijawashwa. Giaboksi ikishakaa kwenye injini, kabla hujafunga bolti za konveta, izungushe konveta kwa mkono. Inapaswa kuzunguka bila kukwama, na kuwe na nafasi ya milimita chache kati yake na flaiwili (sahani iliyo nyuma ya injini). Isipozunguka, teremsha giaboksi uanze upya.