Tafadhali, ondoeni mto juu ya mlima meza

Imekuja nyingine. Ramani nzuri, imechorwa kwa mkono, milima ina vivuli na bahari ina majoka. Katikati ya jangwa umesimama mlima meza, magenge wima pande zote, na juu yake mji wa watu 40,000 wenye minara. Mto unaanzia katikati ya mji, unapita sokoni, unafika ukingoni na kumwagikia jangwani. Mwenye ramani, ambaye anaandika riwaya ya fantasia, ana swali moja tu: maporomoko yawe upande wa mashariki au wa magharibi?

Kazi yangu ni maji ya ardhini. Mchana natafuta mahali pa kuchimba visima virefu. Jioni, kwa kuwa niliwahi kusema hadharani kwamba napenda hadithi za majoka, watu huniletea ramani za nchi zisizokuwepo. Majoka sina ugomvi nao. Mchawi mkuu akipandisha maji kwa fimbo, nanyamaza, huo ni uamuzi wa mwandishi. Lakini ukiniambia ni jangwa la kawaida, mvua haba, mto wa asili, hapo umeingia kwenye shamba langu, na hii si mara ya kwanza.

Nianze na kosa linalozaa mengine, na nilipite haraka. Watu hudhani mlima meza ulisukumwa kutoka chini ukachomoza. Kwa kawaida haukuchomoza. Nchi nzima ilikuwa kwenye kimo kile; mvua na mito ikala miamba laini, na pale palipokuwa na kofia ngumu juu, iwe jiwe la mchanga lililoshikana au basalti (lava iliyoganda), pakasalia. Mlima meza ni mabaki. Na bado unaliwa, kutokea pembeni: mwamba laini ulio chini ya kofia unamegeka, kofia inabaki ikining'inia, inakatika mapande, inaporomoka. Wasotho wana simulizi kwamba Thaba Bosiu, mlima meza uliokuwa ngome ya mfalme wao Moshoeshoe, huwa kilima mchana na hukua usiku kuwa mlima. Kama kitisho kwa adui, safi kabisa. Kijiolojia ni kinyume: kila kizazi kinarithi mlima uliopungua kidogo.

Wasomaji wa Kenya wanao mfano ninaoupenda kuliko yote, ule uwanda wa Yatta. Zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita lava ilitiririka ikifuata bonde la mto, kama ilivyo desturi ya kitu chochote kinachotiririka, ikaganda humo. Kingo za bonde, zilizokuwa juu ya lava, zikamomonyoka kwa kasi kuliko lava yenyewe. Leo lile bonde ndilo uwanda uliosimama, mwembamba na mrefu, karibu kilomita 300. Palipokuwa chini pamekuwa juu na hakuna aliyeinua kitu.

Najua mtaniletea Masada, ile ngome ya kale juu ya mlima meza wa jangwani. Sawa, Masada umeinuliwa kati ya nyufa za ardhi kando ya Bahari ya Chumvi. Wapo walioinuliwa kweli. Nitaurudia, kwa sababu nao unanisaidia.

Sasa maji. Mto hupata maji kutoka sehemu iliyo juu yake, na juu ya mlima meza hakuna juu nyingine. Kilichopo ni mvua inayodondoka pale pale kileleni, basi. Nimepima ramani ya ndugu yetu kwa skeli yake mwenyewe: kilele kina kilomita 2 za mraba, karibu sawa na Thaba Bosiu. Nikampa mvua ya milimita 300 kwa mwaka, ambayo kwa jangwa ni ukarimu. Inakuja mita za ujazo 600,000. Gawa kwa sekunde za mwaka, unapata lita 19 kwa sekunde, na hapo jua halijachukua lake. Jua la jangwa huchukua karibu yote. Tuseme umebaki na sehemu moja ya kumi: lita 2 kwa sekunde, ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 10. Hilo ni bomba zuri la mtaa. Halina hadhi ya kupita sokoni likiwa na madaraja matatu ya mawe, kama yalivyochorwa.

Tena huo ni wastani, na mvua ya jangwa haijui wastani. Inapiga alasiri moja, maji yanaruka ukingoni kwa kishindo, kesho jiwe ni kavu.

"Mbona Angel Falls?" Hili swali nalisubiri kila mara. Maporomoko yale ya Venezuela yana mita 979, ya juu kuliko yote duniani, na ni kweli yanatoka kwenye mlima meza, Auyán-tepui. Lakini kilele cha Auyán-tepui kina karibu kilomita 700 za mraba, na mvua yake ya kitropiki hupimwa kwa mita. Halafu uliza nani anaishi kule juu. Hakuna. Mvua ile ile imeosha udongo hadi ukabaki mwamba na mimea iliyozoea njaa. Wapemon wanaishi chini, kwenye mbuga. Kule Colorado kuna Grand Mesa, kofia yake ni basalti na juu ina maziwa zaidi ya 300, kwa sababu imepita mita 3,000 na inalala chini ya theluji majira ya baridi. Miji yake? Chini. Ukitaka maporomoko utayapata, lakini badilisha hali ya hewa kwanza, na mji uuhamishe.

Na kwa nini chini? Hapa ndipo watu wanaponichosha, kwa sababu jibu liko wazi ubavuni mwa mlima na wote wanatazama kilele. Maji yasiyokauka hupenya kwenye nyufa za jiwe la mchanga, yanashuka taratibu hadi yakutane na tabaka la udongo ulioganda. Pale yanakataliwa. Hayana njia ya kwenda chini, yanatembea pembeni, yanatokea ubavuni, pale kofia inapokutana na mwamba laini. Utauona mstari huo kwa macho ukisimama mbali: madoa meusi ya unyevu, majani mabichi mahali ambapo hapakustahili kuwa na jani, vipepeo, alama za kwato. Ukikwea hadi pale ukaweka kiganja ukutani, jiwe ni baridi na chembe za mchanga zinabaki mkononi. Maji yanayovuja ndiyo yanayolilegeza jiwe, chembe kwa chembe, na barafu ya usiku inasaidia palipo na baridi. Hatimaye panachimbika pango pana lenye dari ya jiwe gumu. Pango na chemchemi ni ndugu wa tumbo moja.

Mesa Verde, kusini-magharibi mwa Colorado, ni somo zima la jambo hili. Kuanzia miaka ya 1190 hivi watu wa kale wa Pueblo walijenga ndani ya mapango hayo. Nyumba kubwa kuliko zote, Cliff Palace, ina vyumba karibu 150. Walikuwa na dari juu na maji yakidondoka karibu na ukuta wa nyuma. Na kileleni walifanya nini? Walilima. Upepo ulikuwa umeleta udongo mwekundu laini juu ya jiwe, na mahindi yalikubali. Yaani shamba juu, nyumba chini ya ukingo, kinyume kabisa cha kila ramani ninayoletewa.

Kuna la ziada ambalo wachoraji hawaliwazi kabisa: kilele hakiko sawa. Matabaka karibu daima yameinama kidogo. Mesa Verde imeinama kuelekea kusini kwa nyuzi chache, na nyuzi chache zinatosha kuamua maisha. Maji ya ndani hufuata mwinamo, kwa hiyo upande wa chini wa mwinamo hupata chemchemi na upande wa juu hupata vumbi. Swali la mashariki au magharibi lina jibu basi, ila si la maporomoko. Ni la vijiji. Amua matabaka yako yameinamia wapi, weka watu upande huo.

Nikiri kwamba kanuni hiyo tunaitamka kwa ujasiri kuliko inavyostahili. Nyufa hazisomi vitabu. Ufa mmoja mkubwa unaweza kuyabeba maji yote upande usiotarajiwa, na sisi kwenye michoro huweka mishale ya buluu kana kwamba tumeyaona yakitembea. Hata kasi ya magenge kurudi nyuma, takwimu zilizochapishwa zinapishana mno, toka sentimita kadhaa hadi mita kadhaa kwa miaka 1,000, na mabishano ya kama miteremko hurudi nyuma ikiwa wima vile vile, alivyoshikilia mwanajiolojia Lester King, au hulegea polepole, alivyofundisha mwanajiografia William Morris Davis, hayajafungwa hadi leo. Vitabu vya shule huchagua upande mmoja na kuchora picha tatu safi. Pale Mesa Verde lipo hata shimo kubwa lililozungushiwa mawe ambalo kwa miaka mingi liliitwa bwawa la maji, na sasa wapo wataalamu wanaosema halikuwahi kuwa bwawa, lilikuwa uwanja wa ibada. Mimi bado nalipigia kura bwawa, ila si kwa nguvu niliyokuwa nayo.

Mtaniambia: tutahifadhi maji ya mvua. Hodari! Hilo linawezekana kabisa. Watu wa Acoma, kijiji cha kileleni kule New Mexico, wamekunywa kwa karne nyingi kutoka kwenye mabirika ya asili, yaani mashimo ya jiwe yanayoshika maji ya mvua. Watawa wa Debre Damo, Tigray, ambako unapanda kwa kamba ya ngozi na mwanamke haruhusiwi, wamechonga mabirika yao mwambani. Masada, niliyoahidi kuirudia, ilikuwa na mabirika ubavuni yenye uwezo wa takriban mita za ujazo 40,000, na maji yake hayakutoka kileleni: yalikingwa kwenye mafuriko ya mabonde ya karibu, kisha yakapandishwa kwa mgongo wa mtu na mnyama.

Rudi kwenye lita zetu 2 kwa sekunde. Ukizihifadhi zote, kwa lita 20 kwa mtu kwa siku, unanywesha watu zaidi ya 8,000. Si haba! Maji, kumbe, si kikwazo cha mwisho.

Kikwazo ni ugali. Kilomita 2 za mraba ni hekta 200. Lima zote, usijenge hata choo. Bila mbolea ya dukani, hekta ikikupa tani moja ya nafaka umshukuru Mungu. Nusu ya ardhi ipumzike, toa mbegu, toa ya panya, na mtu mzima anahitaji kama kilo 200 kwa mwaka. Kwa hesabu ya haraka unalisha watu 400, labda 500 mwaka wa neema. Hao 39,500 wengine wanakula nini? Na wanapikia kuni gani? Acoma walikuwa na mashamba yao makubwa mbali, kwenye mto San José, na kanisa lililojengwa kule juu karne ya 17 lilipandishiwa boriti kutoka milima ya mbali, hata udongo wa kuzikia ulibebwa kutoka chini. Leo wanaokaa kileleni mwaka mzima ni familia chache. Wengine wako kwenye vijiji vya bondeni na hupanda kwa sherehe.

Cape Town nayo iko wapi? Miguuni pa Mlima Meza. Waholanzi walipotia nanga mwaka 1652 walifuata maji yanayoshuka. Mabwawa ya kileleni yalianza kujengwa miaka ya 1890, nayo ni kwa ajili ya kuteremsha maji mjini, hakuna aliyehamia huko.

Kwa hiyo ndugu mwandishi, kilele chako kipe ikulu, ghala, mabirika, mbuzi, makaburi ya wafalme na watu mia kadhaa. Vijiji viwe kwenye mstari wa chemchemi, upande wa mwinamo, juu kidogo ya kifusi ili mapande ya kofia yasiwaangukie (yatawaangukia baadhi, hilo nalo litumie). Mashamba yawe chini kabisa, palipo na udongo mzito. Njia ya kupanda iwe moja au mbili, kwenye ufa, na ukoo unaoishika njia hiyo uwe tajiri kuliko mfalme.

Imebaki ile sura ya riwaya yako ambamo mji unazingirwa miaka mitatu. Moshoeshoe alihamia Thaba Bosiu mwaka 1824, na chemchemi zilikuwepo hadi kileleni, maana mvua ya Lesotho si ya jangwa. Waliojaribu kuupanda walikutana na mawe yakibingirika. Mwaka 1865 kamanda wa Makaburu, Louw Wepener, aliuawa kwenye njia ya Khubelu akijaribu. Mlima haukutekwa. Makaburu wakageukia mashamba ya bondeni, wakaharibu mazao, na Aprili 1866 Moshoeshoe akatia saini mkataba uliomnyang'anya ardhi nyingi, ili watu wake wapate kuvuna. Wasotho waliuita Amani ya Mtama. Adui wako ana majoka wanaotema moto na kwa miaka mitatu anawarusha wagonge kuta za juu, wakati mashamba yote yako chini, makavu, tayari kuwaka. Ama umtafutie jemadari mwenye akili, ama ghala liwe kubwa kuliko ikulu.