Habari Ni ya Kweli, Barua Si ya Kweli

Wiki iliyopita nimelisikia tena jibu lile lile la walioibiwa nywila kwa barua pepe za hadaa, na safari hii nimeona bora niliandikie. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari alifika ofisini kwetu, kitengo cha mifumo ya kompyuta cha chuo, simu mkononi, akasema akaunti yake ya barua pepe ya chuo inawatumia wenzake ujumbe bila yeye kugusa chochote. Nilipomuuliza ni kitu gani alichokifungua siku za karibuni, alinionyesha barua iliyojiita ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ikizungumzia mwongozo wa lenacapavir, ile sindano ya kukinga maambukizi ya VVU inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Chini yake palikuwa na kitufe cha buluu cha kupakulia mwongozo, na alipokibonyeza ulikuja ukurasa uliomtaka aweke anwani na nywila yake ya chuo, naye akaviweka. Nilipomweleza kwamba hapo ndipo alipoibiwa, alinijibu kwa utulivu kabisa: "Lakini mwalimu, niliihakiki kwanza. Nilitafuta mtandaoni, nikaukuta mwongozo upo."

Mwongozo upo, kweli. WHO iliutangaza tarehe 14 Julai 2025, takribani mwezi mmoja baada ya mamlaka ya dawa ya Marekani kuidhinisha dawa hiyo kwa ajili ya kinga. Kijana alihakiki habari, akaridhika kwamba amehakiki barua, na jibu lake hilo nimeshalipokea kwa wauguzi, kwa wafamasia, kwa wanafunzi wa maabara na kwa mhadhiri mmoja aliyenizidi umri kwa miaka mingi, karibu kwa maneno yale yale.

Nyinyi mnaosoma tiba mnajua kuliko mimi kwamba kipimo hujibu swali lake tu. Mgonjwa akipimwa malaria kwa mRDT, kile kipimo cha haraka, na majibu yakaja hasi, hamwandiki kwamba hana homa ya matumbo, kwa sababu kipimo kile hakikuulizwa habari za homa ya matumbo. Kuitafuta habari mtandaoni ni kipimo cha habari: kinakwambia kama jambo limetokea, wala hakigusi swali la nani aliyekuandikia. Na liko jambo baya zaidi ya hilo. Tapeli mwenye akili huchagua habari ya kweli kwa makusudi, tena iliyotangazwa juzi, kwa kuwa anajua utakwenda kuitafuta na utaikuta. Kipimo kinachotoa chanya kwa mgonjwa na kwa mzima sawasawa mngekitupa siku hiyo hiyo. Hiki nacho kinastahili kutupwa.

Ndiyo maana kila habari kubwa ya afya huleta mafuriko ya barua za namna hii. Aprili 2020, katika miezi ya mwanzo ya UVIKO-19, Google ilieleza kwamba ilikuwa ikikutana na barua za hadaa na programu hasidi (zinazodhuru kompyuta) zipatazo milioni 18 kwa siku zilizotumia jina la ugonjwa huo. Mwezi huo huo WHO yenyewe ilisema mashambulizi ya mtandaoni dhidi yake yameongezeka mara tano, na kwamba anwani za barua pepe za shirika zipatazo 450 zilizokuwa zikitumika zimevuja mtandaoni pamoja na nywila zake. Mpox ilipotangazwa kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa Agosti 2024, na Marburg ilipothibitishwa Biharamulo mkoani Kagera Januari 2025, mwanafunzi wa afya alikuwa na kila sababu ya kutaka kujua upesi. Simlaumu kwa haraka hiyo. Namlaumu anayeitumia, na ninataka aliyeharakishwa ajue mahali ambapo jicho lake linapaswa kutua.

Jicho litue kwenye anwani ya mtumaji na kwenye anwani ya ukurasa unakopelekwa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanaponichosha kwa kuniambia kwamba waliangalia ilhali hawakujua wanaangalia nini.

Barua pepe hutumwa kwa utaratibu ulioandikwa mwaka 1982, wakati waliokuwa na mtandao walikuwa wachache na wakiaminiana. Utaratibu huo hauthibitishi jina la mtumaji. Ni kama barua ya posta: mtu anaweza kuandika nyuma ya bahasha jina lolote na S.L.P. yoyote, na posta itaifikisha. Baadaye zikaongezwa kinga ziitwazo SPF, DKIM na DMARC, ambazo hulisaidia shirika kuzuia wengine wasitumie kikoa chake, yaani ile sehemu inayokuja baada ya alama ya @. Ni kinga nzuri, lakini hazimzuii mtu kusajili kikoa kingine kwa bei ya chakula cha mchana, kisha akaandika "World Health Organization" kwenye nafasi ya jina. Simu nyingi huonyesha jina hilo tu na kuificha anwani mpaka ulibonyeze jina. Kijana wangu aliniambia mtumaji ni WHO. Nilibonyeza jina mbele yake, ikatokea anwani yenye herufi na tarakimu zisizosomeka, ya kikoa ambacho hakuna aliyewahi kukisikia.

Barua za wafanyakazi wa WHO hutoka kwenye anwani inayoishia na @who.int. Shirika lenyewe limewaonya watu kwamba halitumi barua kutoka @who.com, wala @who.org, wala @who-safety.org. Onyo hilo nililiweka kwenye ubao wa matangazo, na bado nikaletewa swali: "Mbona kiungo hiki kina who.int ndani yake?" Neno "ndani yake" ndilo linaloniudhi. Anwani ya ukurasa husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, ukianzia kwenye mkwaju (/) wa kwanza unaofuata baada ya ile mikwaju miwili ya mwanzo. Chukua mfano wa anwani inayosomeka https://who.int.kitufulani.com/mwongozo. Mkwaju unaohesabika ni ule ulio kabla ya neno mwongozo. Rudi kushoto: com, kisha kitufulani. Hapo umeshamjua mwenye nyumba, naye ni kitufulani.com. Hayo "who.int" yaliyotangulia ni jina alilokipa chumba kimoja ndani ya nyumba yake, na angeweza kukiita Ikulu kama angependa. Kwa mantiki hiyo hiyo, anwani inayoishia na .go.tz au .ac.tz kabla ya mkwaju ina uzito, kwa sababu vikoa hivyo havisajiliwi na kila ajaye, lakini herufi hizo zikiwa katikati ya anwani hazina uzito wowote.

Kuna hila ndogo zinazofuata hapo: herufi r na n zikikaa pamoja huonekana kama m kwenye kioo kidogo cha simu, na baadhi ya herufi za Kirusi hufanana na zetu kiasi kwamba jicho halizitofautishi. Nakiri kwamba dhidi ya hila hii ya pili hata mimi siwezi kutegemea jicho langu.

Kuhusu alama ya kufuli kwenye kivinjari, nitasema kwa ufupi. Kufuli husema kwamba mazungumzo yako na ukurasa huo hayasomwi njiani. Halisemi kwamba mwenye ukurasa ni mwaminifu. Tapeli naye hulipata bila malipo.

Kuhusu Kiingereza kibovu: zamani ilikuwa dalili, na mimi mwenyewe niliifundisha kwa miaka. Sasa programu za akili bandia humwandikia tapeli barua safi kuliko nyingi zinazotoka ofisini kwetu, na wanafunzi niliowafundisha kutafuta makosa ya sarufi nadhani niliwadhuru, kwa sababu wanapoyakosa wanatulia.

Kosa hili la kuhakiki kitu kimoja na kuamini kingine halimaliziki kwenye nywila. Mhitimu anayetafuta kuchapisha tasnifu yake hupokea barua kutoka jarida lenye jina zito, ikimsifu na kutaja kichwa cha tasnifu yake neno kwa neno. Kichwa ni cha kweli, kimechukuliwa kwenye hazina ya maktaba iliyo wazi kwa kila mtu, na ukweli huo mmoja unamfanya aiamini barua nzima pamoja na ada inayodaiwa. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science aliandika makala ya kisayansi ya uongo yenye kasoro ambazo mhakiki yeyote makini angeziona, akaituma kwa majina ya kubuni ya watafiti wa Kiafrika kwenye majarida 304 ya mtandaoni. Majarida 157 yaliikubali. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliamuru kampuni ya OMICS, yenye makao Hyderabad nchini India, ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwahadaa watafiti kuhusu majarida na makongamano yake. WHO, kwa upande wake, imeeleza kwamba haitozi fedha mtu anayeomba kazi, kujiandikisha kwenye kongamano au kuwekewa chumba cha hoteli, na kwamba haigawi ruzuku wala zawadi kwa barua pepe. Mwanafunzi anayetafuta nafasi ya mafunzo nje ya nchi na ayashike hayo.

Upande wa pili wa shilingi haupendwi kusemwa na sisi watu wa mifumo: barua inaweza kuwa halali kabisa na habari iliyomo ikawa ya uongo. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliodai kuchambua wagonjwa wa UVIKO-19 zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671, ukionyesha kwamba dawa ya hydroxychloroquine inahusiana na ongezeko la vifo. Aliyejiandikisha kupokea taarifa za jarida aliletewa habari hiyo kwa barua halisi, kutoka kikoa halisi. Siku tatu baadaye WHO ilisimamisha kwa muda sehemu ya majaribio yake iliyohusu dawa hiyo. Tarehe 4 Juni utafiti ukaondolewa, kwa kuwa kampuni ya Surgisphere, iliyodai kumiliki takwimu hizo, haikukubali zikaguliwe. Miongoni mwa waliotilia shaka mapema walikuwa watafiti waliogundua kwamba, kwa takwimu zile, karibu robo ya wagonjwa wote wa UVIKO-19 barani Afrika wangekuwa wametibiwa kwenye hospitali zilizounganishwa na kampuni hiyo kwa kumbukumbu za kielektroniki. Mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye wodi zetu, akitafuta faili la karatasi, angelitilia shaka dai hilo kabla ya kufika ukurasa wa pili. Kwa hiyo maswali ni mawili, na kila moja lina kipimo chake.

Madhara ya kubofya mara moja hayaishii kwa aliyebofya. Machi 2021 mfanyakazi mmoja wa huduma ya afya ya taifa ya Ayalandi alifungua faili la Excel lililoambatishwa kwenye barua ya hadaa. Wezi walikaa ndani ya mfumo kimya kwa takribani wiki nane, na tarehe 14 Mei wakafunga kompyuta na kudai fedha. Hospitali za nchi nzima zikarudi kwenye karatasi, na kliniki nyingi zikaahirishwa. Wiki hizo nane ndizo zinazonisumbua. Mtu akitoa taarifa saa ile ile aliyobofya, kazi yetu huwa ndogo. Akinyamaza kwa aibu, huwa kubwa.

Hapo inakuja shaka ambayo vitabu vya fani yangu havipendi kuikiri. Hatujui kama mafunzo tunayotoa yanasaidia kwa kiasi tunachodai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwafuatilia wafanyakazi zaidi ya 19,500 wa huduma za afya za chuo hicho kwa miezi minane, wakiwatumia barua kumi za hadaa za majaribio. Waliopata mafunzo walinaswa pungufu kwa asilimia 1.7 tu kuliko wasioyapata. Mimi huendesha mafunzo ya aina hiyo kila mwanzo wa mwaka wa masomo, na niliposoma matokeo yale nilikaa nayo siku kadhaa. Uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuombwa namba ya pili baada ya nywila, unasaidia zaidi, ingawa nao hupenywa pale ukurasa bandia unapokuomba namba uliyotumiwa na kuipitisha papo hapo kwenye ukurasa halisi.

Kinachobaki, ambacho nina hakika nacho, ni tabia moja: habari ikikuvutia, iache barua ilipo, fungua kivinjari, andika mwenyewe anwani ya WHO au ya Wizara ya Afya, uitafute humo. Usipite kwenye mlango uliofunguliwa na barua. Kijana wangu alikuwa tayari ameshaufikia mwongozo halisi kwa njia hiyo alipokuwa akihakiki. Alikuwa nao mbele yake, kwenye ukurasa wa WHO wenyewe, bila nywila yoyote, kisha akarudi kwenye barua kwa sababu kitufe kilikuwa karibu.

Tulibadilisha nywila yake, tukafunga vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti, kisha tukafungua kanuni za kikasha, yaani maagizo ya nini kifanyike kwa barua zinazoingia, mahali ambapo wengi husahau kuangalia. Tulikuta kanuni moja isiyo na jina, iliyokuwa ikizifuta barua zote zenye neno "nywila" au "password" kabla hajaziona, ili onyo letu lisimfikie. Tuliifuta. Jioni ile ile idara moja ya chuo iliwatumia wanafunzi wote tangazo la matokeo lenye kitufe cha buluu, likiwataka wabonyeze na kuweka nywila zao. Nimeshaandika mara tatu kuomba matangazo ya namna hiyo yakome, na kesho nitaandika mara ya nne, nikiambatisha picha ya vitufe vyote viwili.