Je, wajua sungura kwenye kopo la losheni anakuambia nini?

Geuza chupa ya shampuu au kopo la losheni lililotoka nje, na mara nyingi huko nyuma, karibu na orodha ya viambato, utamkuta sungura mdogo. Yupo anayeruka, yupo aliyechorwa kichwa na masikio tu, na kwenye chupa nyingine hayupo kabisa ila pameandikwa sentensi fupi: haikujaribiwa kwa wanyama. Mwulize mnunuzi maana yake, jibu huja haraka: hakuna mnyama aliyewahi kutiwa kitu hiki machoni wala kupakwa ngozini. Ni jibu zuri, ila karibu kila neno lake lina kasoro.

Tuanze na "aliyewahi". Soma viambato vya kopo lolote: gliserini, mafuta mazito ya petroli, sodiamu laurili salfeti inayotoa povu, titani dioksidi inayotoa weupe. Vyote hivi vilishapita kwa sungura, panya au simbilisi wakati fulani katika karne ya 20. Kampuni iliyosajiliwa mwaka jana, ikichanganya gliserini na mafuta ya nazi, haina haja ya kumgusa mnyama, kwa sababu majibu yako kwenye makabati tayari. Yalipatikana kwa wanyama waliokufa kabla mwenye kampuni hajazaliwa.

Kwa hiyo nembo haisimulii historia ya kiambato. Inasimulia tarehe. Programu ya Leaping Bunny, iliyoanzishwa 1996 na muungano wa mashirika ya kutetea wanyama, huitaka kampuni itaje siku moja isiyobadilishwa. Baada ya siku hiyo, kampuni yenyewe, maabara inazozikodi na wanaoiuzia malighafi hawaruhusiwi kujaribu kwa wanyama. Kampuni hulazimika kuwafuatilia wauzaji hao na kukubali wakaguzi wa nje. Programu ya PETA, shirika jingine la kutetea wanyama, nayo hutegemea zaidi tamko la maandishi la kampuni. Sisemi tamko ni uongo, ila tamko na ukaguzi ni vitu viwili.

Kasoro ya pili iko kwenye "kitu hiki". Losheni iliyokamilika ndiyo isiyojaribiwa, na hapo sentensi nyuma ya kopo ni kweli tupu. Lakini manukato mapya au kemikali mpya ya kuzuia ukungu iliyomo ndani huenda ilijaribiwa na aliyeitengeneza, katika nchi nyingine, kabla haijafika kiwandani. Majaribio mengi huwa kwenye malighafi, siyo kwenye kopo lililojaa. Isitoshe, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inasema wazi kwamba maneno ya aina hiyo hayana maana yoyote iliyowekwa na sheria. Huko mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa lebo anaweza kuchora sungura wake mwenyewe, na wapo waliofanya hivyo.

Halafu kuna wanaodhani bidhaa isiyojaribiwa kwa wanyama haina kitu cha mnyama ndani. Haya ni mambo mawili yasiyojuana. Rangi ya mdomo inaweza kubeba sungura halali kabisa huku wekundu wake ni karmini, inayotokana na wadudu wadogo wanaolelewa kwenye dungusi kakati, wakakaushwa na kusagwa. Inaweza pia kuwa na nta ya nyuki, au lanolini iliyokamuliwa kwenye sufu ya kondoo. Kinyume chake kinawezekana vilevile: krimu ya mimea mitupu ambayo kiambato chake kimoja kilipita maabara ya wanyama mwaka juzi.

Kosa linaloudhi zaidi, kwa maoni yangu, ni la watu waliosoma kidogo: kwamba Ulaya ilishapiga marufuku, basi chochote cha Ulaya ni safi. Marufuku ni ya kweli. Umoja wa Ulaya ulizuia majaribio ya vipodozi vilivyokamilika mwaka 2004, ya viambato vyake 2009, na kuanzia tarehe 11 Machi 2013 ukazuia hata kuuza vilivyojaribiwa kwingineko. Tatizo ni kwamba Ulaya ina sheria nyingine ya kemikali kwa jumla, iitwayo REACH, inayowalinda miongoni mwa wengine wafanyakazi wa viwandani, na sheria hiyo inaweza kudai majaribio ya wanyama pale isipopatikana njia nyingine. Hapo ndipo lilipotokea jambo la ajabu. Kampuni ya Ujerumani, Symrise, iliamriwa na wakala wa kemikali wa Ulaya ulioko Helsinki ifanye majaribio ya wanyama kwa kemikali mbili za kuzuia mionzi ya jua, ambazo hutumika kwenye vipodozi tu. Kampuni ikakataa, ikaenda mahakamani, na Novemba 2023 Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya ikaitupa kesi yake. Yaani muuza viambato vya vipodozi ndiye aliyegoma kujaribu, na mamlaka ndiyo iliyomlazimisha.

China ilikuwa kichwa cha habari kwa miaka mingi kwa sababu iliyo nyepesi zaidi: kila kipodozi kilichoingizwa kutoka nje kilipaswa kujaribiwa kwa wanyama. Tangu tarehe 1 Mei 2021, vipodozi vya kawaida kama shampuu na losheni vinaweza kusamehewa vikiwa na vyeti vinavyotakiwa. Rangi za nywele, krimu za kuzuia jua na za kung'arisha ngozi hazimo katika msamaha huo.

Na sabuni ya kufulia? Hiyo haimo kabisa kwenye marufuku ya Ulaya ya 2013. Kwa sheria ya Ulaya, sabuni ya kuogea ni kipodozi, lakini ya kufulia, ya vyombo na dawa ya kusugulia choo si vipodozi, kwa hiyo marufuku yale hayazigusi. Nyumba nyingi zina kemikali zake nyingi chini ya sinki, na huko ndiko ambako watu hawamtafuti sungura.

Lakini kwa nini ni sungura, siyo panya, ambaye ndiye anayeonekana zaidi maabarani?

Mwaka 1933 huko Marekani ilikuwa ikiuzwa rangi ya kope iitwayo Lash Lure. Ilikuwa na kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ile inayotia weusi kwenye rangi za nywele. Wanawake kadhaa waliumia macho, baadhi wakapofuka, na mmoja akafariki, na serikali haikuwa na sheria ya kuiondoa dukani. Sheria ilikuja 1938. (Kemikali hiyo haijaenda mbali. Piko nyeusi inayochorwa pwani yetu kwenye mikono ya bibi harusi mara nyingi hutokana na rangi ya nywele iliyo nayo, na ndiyo maana wapo wanaotoka malengelenge mahali palipochorwa maua.) Sheria ile haikumtaja sungura wala kudai majaribio ya wanyama. Iliacha mamlaka na viwanda vitafute namna ya kujua kitu kinachoumiza jicho, na mwaka 1944 mtaalamu wa sumu wa FDA, John Draize, pamoja na wenzake wawili, wakachapisha utaratibu wao.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Unatia mililita 0.1 ya kitu kwenye jicho moja la sungura, jicho la pili unaliacha la kulinganishia, kisha unatazama na kutoa alama kwa siku kadhaa; katika taratibu za baadaye hadi siku 21. Alama za juu ni 110, na 80 kati yake ni za konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Dawa za maumivu hazikuwa sehemu ya lazima ya miongozo ya kimataifa mpaka 2012.

Wengi hudhani alichaguliwa kwa sababu jicho lake linafanana na letu. Halifanani. Konea yake ni nyembamba kuliko yetu, machozi yake ni machache, hupepesa kwa nadra sana, na ana kope ya tatu tusiyokuwa nayo. Alichaguliwa kwa sababu jicho lake ni kubwa, weupe wake hufanya wekundu wowote uonekane mara moja, ni wa bei nafuu, huzaa upesi, na akishikwa hutulia. Upole ndio uliomponza.

Na majibu yake hayakuwa imara. Mwaka 1971 Carrol Weil na Robert Scala walichapisha matokeo ya kupeleka vitu vilevile kwenye maabara zaidi ya 20. Kitu ambacho maabara moja ilikiita kikali sana, nyingine ilikiona hakina neno. Tarehe 15 Aprili 1980, Henry Spira, aliyewahi kuwa baharia kisha mwalimu, alichapisha tangazo la ukurasa mzima kwenye New York Times akiuliza Revlon hupofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Kabla mwaka haujaisha, Revlon ilitoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller zitafutwe njia nyingine. Ndipo sungura alipotoka kwenye meza ya maabara akawa nembo.

Njia hizo nyingine sasa zipo, na moja inastahili kuelezwa polepole. Wataalamu huchukua seli za ngozi ya binadamu, aghalabu zilizobaki baada ya upasuaji, wakaziotesha juu ya kitambaa chenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Chini yake huwekwa majimaji ya chakula, juu huachwa hewa. Seli hujipanga tabaka juu ya tabaka mpaka zikafanana na uso wa konea. Juu ya hicho kipande hudondoshwa kitu kinachopimwa. Kama ni cha majimaji hukaa kwa dakika 30, kisha huoshwa. Swali linalobaki ni moja: seli ngapi ziko hai?

Hapo fikiria kijiji kilichokumbwa na mafuriko usiku. Unataka kujua nyumba ngapi zina watu, na huwezi kubisha hodi kila mlango. Unapanda kilimani jioni, unaangalia moshi wa majiko. Seli iliyo hai nayo ina jiko, maana hupika nishati muda wote. Wataalamu huiwekea rangi ya njano iitwayo MTT, na shughuli za ndani ya seli hai huigeuza kuwa zambarau. Seli iliyokufa haigeuzi kitu. Zambarau hukamuliwa kwa spiriti, mashine ikapima ukolevu wake dhidi ya kipande kilichodondoshewa maji tu. Moshi ukizidi asilimia 60 ya ule wa kawaida, kitu hicho huhesabiwa kuwa hakiwashi jicho. Kwa vipande vya ngozi mpaka ni asilimia 50.

Lakini mtu anaweza kuchoma takataka nyumba ikiwa tupu. Zipo kemikali zinazogeuza MTT zenyewe bila msaada wa seli, na zipo bidhaa zenye rangi yake tayari, kama hina. Ndiyo maana vitu vya namna hiyo hupimwa pia kwa vipande vya ziada, vilivyouawa makusudi au visivyotiwa MTT, ili kujua moshi upi si wa jikoni.

Njia hii ina mipaka. Inajua kusema "hakina madhara" kuliko kusema "madhara ni ya kiasi gani". Vipimo vingine hutumia macho ya ng'ombe na kuku kutoka machinjioni, na seli nyingi za maabara hukuzwa kwa majimaji ya damu ya ndama aliye tumboni, kwa hiyo hata "bila wanyama" ya maabara ina tundu lake. Na kwa maswali ya miaka mingi, kama vile kemikali inafanya nini kwenye ini au kwa mimba, kipande cha ngozi hakina ini wala mimba. Huko ndiko kesi kama ya Symrise zinakotokea.

Kwenye rafu za kwetu, alama ya ubora ya KEBS au TBS haisemi lolote kuhusu sungura. Inahusu viwango, na kwenye krimu jambo kubwa ni zebaki na haidrokwinoni, zinazotiwa ili kung'arisha ngozi, jambo ambalo binafsi naliona la haraka zaidi. Na kukosekana kwa nembo ya sungura si ushahidi wa majaribio. Wanawake wa Paje, Unguja, wanaotengeneza sabuni za mwani hawana maabara ya wanyama, na nembo hizi huombwa, hukaguliwa na mara nyingine hulipiwa.

Anayetaka uhakika basi atafute jina la chapa kwenye orodha ya Leaping Bunny mtandaoni, siyo picha kwenye kopo. Atafute chapa yenyewe, kwa sababu chapa inaweza kukaguliwa na kupita huku kampuni mama haimo kwenye orodha. Na akimaliza na losheni, aendelee chini ya orodha hadi kwenye sabuni za kufulia.