Picha ya kujipiga katika uhusika ni nini?

Ni picha ambayo aliyeipiga ndiye huyo huyo anayeonekana ndani yake, ila amejivika nafsi nyingine: askari, maiti, hata Yesu. Nguo peke yake haitoshi. Anayejipiga akiwa na suti ya harusi bado ni yeye. Hapa mtu anaigiza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Hippolyte Bayard, karani wa serikali mjini Paris. Mwaka 1839 serikali ya Ufaransa ilimpa Louis Daguerre pensheni ya maisha kwa uvumbuzi wake wa upigaji picha. Bayard naye alikuwa amebuni njia yake ya kutoa picha moja kwa moja kwenye karatasi, lakini hakupewa heshima kama ile. Oktoba 1840 akajipiga akiwa kifua wazi, shuka kiunoni, macho ameyafumba, kofia ya majani pembeni. Nyuma ya picha akaandika kwamba hii ni maiti ya Bayard, aliyejitosa majini baada ya serikali kumpa Daguerre kila kitu na yeye kutoka mikono mitupu. Uso na mikono vilionekana vyeusi kuliko kifua. Akadai vimeanza kuoza. Kifo kilikuwa cha kuigiza, uchungu ulikuwa wa kweli. Bayard aliishi hadi 1887.

Si kila mmoja alimwambia mtazamaji kwamba anaigiza. Mwingereza Roger Fenton, alipokwenda kupiga picha za vita vya Crimea mwaka 1855, alijipiga akiwa na sare ya zuavu, askari wa Ufaransa waliovaa mavazi ya Afrika Kaskazini.

Mmarekani F. Holland Day alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1898, ili awe Yesu msalabani, alifuga nywele na ndevu, akajinyima chakula mpaka akakonda. Kwa picha saba za maneno saba ya mwisho ya Yesu msalabani, alifunga kioo kwenye kamera ili aone sura yake inavyobadilika. Wako waliochukizwa.

Ubishi huja kwa Virginia Oldoini, Kontesa wa Castiglione, mwanamke wa ukoo wa kitajiri wa Italia katika karne ya 19. Kamera ilishikwa na Pierre-Louis Pierson, lakini mavazi, pozi na uhusika alichagua kontesa mwenyewe, katika picha zaidi ya 400. Mimi namhesabu kuwa mmoja wao.