Anodaizi haipakwi

Kwenye matangazo ya visu vya mfukoni neno "anodaizi" limegeuzwa jina la rangi. Mpini wa bluu unaitwa anodaizi hata ukiwa wa plastiki. Fundi anaulizwa kama anaweza kuipuliza kwa kopo la spreya. Sasa kuna wanaouza hadi ubapa wa chuma cha pua "wenye anodaizi nyeusi", na hapo ndipo nimeona bora tueleweshane, kwa sababu ubapa wa namna hiyo haupo.

Maana yake ni fupi. Alumini ikikutana na hewa hujivika yenyewe tabaka la oksidi, jembamba mno, nanomita chache tu. Kuanodaizi ni kulikuza tabaka hilo kwa umeme. Kipande cha alumini kinatumbukizwa kwenye asidi ya salfa iliyozimuliwa kwa maji, kinaunganishwa na upande chanya wa umeme, na baada ya muda tabaka linafika mikromita 10 au 20, unene wa maelfu ya mara kuliko lile la asili.

Upande huo chanya ndio uliotoa jina. Aliyepitia kemia ya sekondari anazijua anodi na kathodi, ila zilikotoka hazifundishwi sana. Mwaka 1834 Michael Faraday alikuwa London akitafuta majina ya ncha mbili ambazo umeme huingilia na kutokea kwenye kimiminika. Wakati huo hakuna aliyejua umeme ni kitu gani hasa, kwa hiyo hakutaka majina yaliyofungwa kwenye nadharia ambayo kesho ingeweza kuanguka. Aliandikiana barua na William Whewell, mwanachuoni wa Cambridge, na kutoka kwake akapata maneno mawili ya asili ya Kigiriki. "Ana" ni juu, "kata" ni chini, "hodos" ni njia. Anodi, basi, ni njia ya kupandia, na kathodi ni njia ya kushukia.

Kinachopanda na kushuka ni jua. Faraday alifikiria mkondo wa umeme unaoizunguka dunia kutoka mashariki kwenda magharibi, ule ambao ungeweza kueleza usumaku wake. Akakilaza kimiminika chake chenye ncha hizo, kwa fikra, ili mkondo wake uelekee huko huko. Ncha ya mashariki, jua linakochomoza, ikawa anodi. Ya magharibi ikawa kathodi. Mimi huona hili ni mojawapo ya majina mazuri kabisa katika sayansi, na inaniuma kuliona likitumiwa kama chapa ya kopo la rangi.

Jina lenyewe linatueleza kitu kilikuwa upande gani. Anayepaka nikeli au kromu kwa umeme hukiweka kitu chake kwenye kathodi, na madini mageni yanasafiri majini yakaja kutua juu yake. Katika anodaizi kitu kinakaa kwenye anodi, na hakuna madini yanayotoka kwingine. Oksijeni ya majini inaungana na alumini ya kipande chenyewe. Tabaka linakula kidogo kuingia ndani na linajaa kidogo kutoka nje, kama ukucha unavyoota kwenye kidole. Kwa hiyo halibanduki. Litakwaruzika, litalika pembeni kwa kugongana na funguo mfukoni, lakini mpini unaobanduka vigamba umepakwa rangi, haijalishi tangazo lilisema nini.

Rangi huja baadaye. Tabaka likishakua lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kipande kikichovywa kwenye rangi ya kimiminika kinaifyonza. Kisha kinachemshwa kwenye maji ili vitundu vifunge. Ukiruka hatua ya rangi, anodaizi imekamilika vilevile, ila inabaki na weupe wa fedha. Ndivyo ulivyo mpini wa fedha wa kisu cha askari wa Uswisi cha mwaka 1961, na ndivyo ilivyo mipini ya fedha ya visu vya Alox vya Victorinox, kampuni ya visu ya Uswisi. Alox ni alumini na oksidi, majina mawili yaliyounganishwa. Watu wanavishika mikononi wakidai havina anodaizi kwa kuwa havina rangi!

Kwa anayependa kukibadilisha kisu chake, jambo hili lina uzito wa kazi. Alox ya fedha huwezi kuichovya kwenye rangi ikashika, kwa sababu vitundu vilishafungwa kiwandani. Lazima tabaka la zamani livuliwe kwa kostiki soda, kisha alumini ianodaiziwe upya. Kostiki inakula na alumini yenyewe, hivyo kila ukivua, zile nakshi za vipele kwenye mpini zinapungua ukali. Tena mpini hauwezi kuingia kwenye asidi ukiwa bado na ubapa na springi, maana chuma kitaliwa. Na hapa Alox si sawa na kile kisu chekundu cha plastiki cha kampuni hiyo hiyo, ambacho mipini yake imebanwa tu na inachomoka. Mpini wa Alox umeshikwa na ribiti, yaani pini za chuma zilizogongwa ncha, zinazopita kisu kizima. Ukizikata, kisu chote kinalala mezani vipande vipande.

Ndiyo maana rangi mpya na vifaa vipya huenda pamoja. Ribiti zikishakatwa, anayetaka msumeno anauongeza wakati huo huo. Pioneer, kisu cha Alox cha urefu wa milimita 93, ikipewa msumeno na springi yake inakaribia kuwa Farmer, ndugu yake mwenye msumeno. Unene umeongezeka, kwa hiyo ribiti mpya ziwe ndefu kuliko za mwanzo. Na vifaa vitoke kwenye kisu cha urefu ule ule, si cha milimita 91, kwani matundu hayalingani.

Turudi kwenye ule ubapa mweusi. Oksidi ya chuma cha pua haikui ikawa tabaka nene kwenye asidi ile kama oksidi ya alumini inavyokua. Ukiutia ubapa kwenye anodi ndani ya asidi ile, utaanza kuyeyuka. Weusi wake umewekwa kwa njia nyingine, mara nyingi kwa kupakwa, na si aibu kusema hivyo. Mpini wa titani, huo unaanodaiziwa kweli, ila haufyonzi rangi yoyote: volti ndizo zinazopanga unene wa tabaka, na unene ndio unaogawa mwanga tukaona bluu au zambarau. Muuzaji akisema "anodaizi", basi, muulize kwa upole ni ya madini gani. Akijibu chuma, mwambie aandike "umepakwa".