Talaka haianzii mahakamani

Kaa saa moja tu kwenye saluni yoyote ya mtaani, utasikia sheria ya talaka ikihukumiwa kwa kujiamini kuliko hakimu mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba watu huyatenda wanayoyasikia, na siku ya kusimama kizimbani wanakuta wameshajiharibia. Ninaongelea Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Zanzibar ina utaratibu wake, na huko Waislamu hupeleka mashauri ya ndoa kwa Kadhi.

"Ameshaniandikia talaka tatu, ndoa imekwisha."

Kwa shehe, sawa. Kwa sheria ya nchi bado ni mke wa mtu. Ndoa ya Bara, iwe ya msikitini, kanisani, bomani au ya kimila, huvunjwa na mahakama, na hata mahari ikirudishwa na ng'ombe wake wote, hilo halibadiliki. Karatasi ya talaka ina kazi yake, lakini mpangilio ndio unaowaponza wengi. Sheria inataka Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, linalojaribu kuwapatanisha wanandoa, lishindwe kwanza, kisha talaka ya Kiislamu itolewe. Hapo ndipo mahakama huichukua kuwa uthibitisho kwamba ndoa imevunjika pasipo kurekebishika. Wengi huanza na talaka, halafu wanakumbuka baraza.

"Mimi nakwenda moja kwa moja mahakamani, baraza ni kupoteza muda."

Utarudishwa. Isipokuwa kwa sababu chache, kama mwenzako ametoweka na hajulikani aliko, amefungwa miaka mitano au zaidi, au ameitwa barazani akagoma makusudi, mahakama haipokei madai ya talaka bila hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa inayosema limeshindwa kuwapatanisha. Hati hiyo iwe haijapitisha miezi sita siku unapofungua shauri. Kuna anayeipata, anaikunja, anaiweka chini ya godoro huku akingoja mume abadilike. Mwaka unapita, inabidi aanze upya. Wengine huja na barua ya mwenyekiti wa mtaa wakidhani ndiyo hiyo. Siyo. Na baraza halitoi talaka wala haligawi nyumba, kwa hiyo mkikubaliana hapo kwamba yeye achukue kiwanja na wewe makochi, usidhani mmemaliza.

Kama ndoa haijatimiza miaka miwili, unahitaji pia kibali cha mahakama kabla ya kudai talaka.

Hapa nina neno langu. Anayepigwa asikae kungoja wazee wapange tarehe ya kikao. Aende polisi, kwenye dawati la jinsia, achukue PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekwa hospitali, na atibiwe. Karatasi hizo ni ushahidi baadaye, na ukatili ni mojawapo ya mambo ambayo mahakama hutazama inapopima kama ndoa imevunjika.

"Hati ya nyumba ina jina lake, sina changu."

Dhana hii ndiyo imewatoa wanawake wengi na begi moja la nguo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Kupika, kulea, kufua, vyote vinahesabika. Wanaolitaja shauri hilo kwa furaha husahau mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo, kwa sababu ilionekana alikuwa ameshapewa fedha na mumewe, akazitumia vibaya. Mchango hupimwa, na nusu kwa nusu si ahadi. Ndiyo maana risiti za saruji, miamala ya simu, kumbukumbu za vikoba na mashahidi wanaojua nani alisimamia mafundi vina uzito. Madeni mliyokopa kwa faida ya familia nayo huingia kwenye hesabu.

Nyumba ya familia pia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ukisikia madalali wameanza kupita uani, wahi kuweka zuio kwa msajili wa ardhi.

"Watoto ni wa baba." Mahakama huangalia kwanza ustawi wa mtoto. Aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa ni vyema akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Baba anayenyimwa malezi bado anawajibika kwa matunzo.

"Hatukufunga ndoa, kwa hiyo hakuna cha kudai." Mkiwa mmeishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, mahakama inaweza kuamua mgawanyo wa mali na malezi ya watoto.

"Bila wakili wa milioni huwezi." Shauri la ndoa linaweza kufunguliwa hata Mahakama ya Mwanzo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Usiporidhika na hukumu, una siku 45 za kukata rufaa.

Cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, hati na risiti, toa nakala uziweke kwa dada yako kabla hujalitamka neno talaka. Baada ya hapo, kabati hubadilishwa kufuli.